Mpangaji Anapoaga

Marehemu shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha mirathi iliyokuwa ndogo kwa thamani lakini kubwa kwa mazingatio: nyumba moja ya Kiswahili huko Ilala, Dar es Salaam, yenye vyumba sita vilivyoelekeana vitatu kwa vitatu kando ya ukumbi mrefu unaoanzia barazani na kutokea uani, ambako palikuwa na jiko, bafu, choo na stoo ndogo ya mkaa. Nyumba za namna hiyo zilijengwa kwa wingi Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke, na si chache katika hizo zilijengwa kwa fedha za wanawake waliouza maandazi na samaki wa kukaanga, wakaweka akiba shilingi kwa shilingi. Na Serikali ilipotwaa majumba ya kupangisha kwa sheria ya mwaka 1971, iliyohusu majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nyumba za akina shangazi hazikufikiwa na mkono wake, zikabaki kuwa rasilimali ya watu wa kawaida.

Nilipokwisha kustaafu kazi ya ukarani, warithi wenzangu walinikabidhi usimamizi wa nyumba ile, na pamoja na funguo wakanipa daftari la marehemu, ambamo kila chumba kilikuwa na kurasa zake, na katika kila ukurasa jina la mpangaji, siku aliyoingia, kodi aliyolipa, siku aliyotoka na sababu aliyoitoa. Nililisoma daftari lile kwa utulivu, usiku baada ya usiku, maana sikuwa na mwalimu mwingine wa kazi niliyopewa, na jambo moja likanishangaza kuliko yote. Vyumba vitatu vya mkono wa kushoto vilikuwa na majina machache, ya watu waliokaa mpaka watoto wao wakaoa na kuolewa. Vyumba vitatu vya mkono wa kulia vilijaa majina, mmoja akiingia na mwingine akitoka, na wengine hawakumaliza hata masika mawili. Kodi ilikuwa moja, ukumbi ulikuwa mmoja, choo kilikuwa kimoja, na mwenye nyumba alikuwa yule yule mwenye maneno matamu na mkono mwepesi wa kusaidia. Basi ilikuwaje nusu ya nyumba iwe maskani ya watu, na nusu ya pili iwe njia yao ya kupita?

Swali hilo halikuwa la udadisi mtupu, kwa sababu chumba kinapohamwa hasara yake humfika kila mtu. Mwenye nyumba hupoteza kodi ya miezi ambayo chumba hakina mtu, kisha hulazimika kupaka rangi, kubadili kitasa na kuziba mashimo ya misumari; mpangaji naye, huko aendako, humlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, hukodi kirikuu cha kubebea vitanda na makabati, na aghalabu huwahamisha watoto shule katikati ya mwaka. Chumba cha shilingi 80,000 kikikaa kitupu miezi miwili, mwenye nyumba amepoteza shilingi 160,000, ambazo hata akipandisha kodi kwa shilingi 10,000 katika kila mwezi wa miezi kumi iliyosalia hatazipata, kwa kuwa nyongeza hiyo itamletea 100,000 tu. Hesabu hii ni nyepesi, mtoto wa darasa la nne anaiweza, walakini nimewaona wenye nyumba wengi, watu wazima wenye akili timamu, wakijishughulisha usiku na mchana na kupandisha kodi, wala wasijishughulishe hata kidogo na kuwafanya watu wema wapende kubaki.

Nikaona hakuna awezaye kunijibu isipokuwa wale waliokwisha kuondoka, nami nikaanza kuwatafuta mmoja mmoja, huyu Buguruni, yule Vingunguti, mwingine Mbagala, nikiwaulizia kwa majirani wao wa zamani na kwa wenye genge waliokuwa wakiwakopesha. Bibi mmoja mpika vitumbua, ambaye daftari lilisema alihama kwa kuwa amepata chumba cha kodi nafuu, alinikaribisha jamvini, akanimiminia chai, na nilipomwuliza kama ni kweli kodi ndiyo iliyomtoa, alicheka kwa upole. “Kaka yangu,” akasema, “mtu hamwagi mwenye nyumba kwa lawama. Shangazi yako alisimama nami siku ya kumzika mume wangu; leo nimwambie nyumba yake imenichosha? Nilisema nimepata pa bei nafuu ili tuachane salama. Hapa nilipo nalipa zaidi kuliko kule.” Nikamsihi anieleze kilichomtoa hasa. Akasema ni bati. Masika yalipoingia alikuwa akisukuma kitanda kutoka pembe hii hadi pembe ile, na mchele wake wa kusaga ukilowa kabla ya wakati wake. Alisema mara ya kwanza, akaahidiwa. Akasema mara ya pili, akaahidiwa. Mara ya tatu akaona haya kusema.

Wenzake wa mkono wa kulia walinieleza mambo yanayofanana na hayo, na fundi mmoja mkongwe wa mtaa ule akanifunulia chanzo chake. Shangazi alikuwa amebadilisha bati za upande wa kushoto miaka mingi nyuma, akakusudia kumalizia upande wa pili fedha zikipatikana. Lakini fedha zilipopatikana maradhi yalikuwa yamekwisha kumfika, zikaenda hospitali. Hivyo ndivyo paa moja lilivyogawa nyumba kuwa mbili, na hapana mtu aliyeliona jambo hilo, kwa sababu kila aliyeondoka aliondoka na siri yake kifuani na neno zuri mdomoni.

Tangu hapo sijaitegemea tena sababu inayotolewa siku ya kuagana. Adabu yetu ya kuagana ni njema, wala sitamani ipotee. Lakini mwenye nyumba anayetaka kujua ukweli wa mambo asiungoje mlangoni wakati mizigo imekwisha pakiwa. Dalili ya mtu anayetaka kuhama huja miezi miwili au mitatu kabla, nayo si manung’uniko bali ni kukoma kwa manung’uniko. Mpangaji anayelalamika kuwa bomba linavuja bado anajihesabu kuwa wa nyumba hii, anatazamia kuliona bomba hilo likitengenezwa na kulitumia likiwa zima. Bali yule aliyelalamika kwa muda mrefu, kisha ghafula akawa mpole, akaacha kupigilia rafu ukutani, akaacha kufagia zaidi ya kizingiti chake, na akiulizwa hali akajibu kuwa mambo yote ni mazuri, huyo moyo wake umekwisha kuhama na mwili unasubiri tarehe. Ninapoona upole wa namna hiyo mimi huenda kumtembelea mtu siku ile ile, nikakaa, nikamwomba anitajie neno lile la zamani alilonyamazishwa nalo, na mara nyingi huwa ni jambo ambalo fundi hulimaliza katika asubuhi moja.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililoliweka katika usimamizi wangu lilikuwa jibu. Kila mwenye shida hujibiwa siku hiyo hiyo, hata kama jibu lenyewe ni kwamba fundi hatapatikana mpaka Jumamosi, maana nimejifunza kuwa watu huvumilia taabu yenye siku ya mwisho, lakini hawawezi kuvumilia ahadi isiyo na tarehe. Jambo la pili lilikuwa kutenga sehemu ya kumi ya kodi yote kwa ajili ya matengenezo, isiguswe kwa arusi wala kwa msiba, na kuitumia Januari na Februari, kabla mvua za masika hazijaanza mwezi Machi, wakati ambapo mafundi wanapatikana na bati linapandwa bila kuteleza. Baadhi ya warithi waliona kuwa ninawapunguzia haki yao, nami nikawaonyesha daftari la shangazi na hesabu ya vyumba vilivyokaa vitupu, wakaridhia, ingawa mmoja wao aliridhia kwa uso tu.

Lazima niseme hapa jambo ambalo wasemaji wengi wa habari hizi hulipita. Kukaa sana kwa mpangaji si ushahidi kamili kwamba nyumba ni njema. Nilipokuwa karani kijana niliishi katika jengo la kupanga katikati ya mji, katika zama za Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1984, na hapana mtu aliyehama jengo lile isipokuwa aliyehamishwa na kazi au na mauti, kwa kuwa kodi ilikuwa ndogo mno na chumba kingine cha kodi kama ile kisingepatikana. Walakini ngazi zilikuwa zimemeguka, maji yalipanda ghorofani kwa ndoo, nyaya za umeme zilining’inia wazi, na mwenye jengo hakuona sababu ya kutengeneza kitu ambacho hakimletei faida wala kumpotezea mteja. Tulikaa pale kama waliozingirwa. Ninapozungumza juu ya kuwafanya wapangaji wakae, basi, sizungumzii watu wanaobaki kwa kukosa pa kwenda. Nazungumzia watu wenye hiari, wanaoweza kuondoka mwezi ujao, na bado wakachagua kubaki.

Narudi Ilala, kwenye suala la umeme, ambao katika nyumba za vyumba sita huvunja ujirani kuliko hata choo. Nyumba ya Ilala ilikuwa na mita moja ya LUKU iliyotundikwa ukumbini, na kila aila ikitoa mchango wake, lakini kiasi cha mchango kiliamuliwa na wakongwe wa mkono wa kushoto, ambao kwa kukaa kwao sana walijiona kuwa nusu ya wenye nyumba. Mgeni mwenye friji alilipishwa maradufu, mshonaji mwenye pasi na cherehani ya umeme alilipishwa mara tatu, na umeme ulipokatika usiku wa manane lilizuka shauri la kuulizana nani aliacha taa ikiwaka. Kijana mmoja mshonaji, mtu mpole asiye na deni la mtu, alihama kwa sababu hiyo peke yake, na nilipomkuta Vingunguti aliniambia kuwa alikuwa akipiga pasi nguo za wateja usiku huku mlango ameufunga, kama mtu anayeiba.

Tena mita moja ilikuwa dhuluma hata mbele ya hesabu. Katika bei za shirika la umeme, TANESCO, za miaka hiyo, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, alinunua kila yuniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, na mwenye matumizi ya kawaida aliinunua kwa shilingi 292. Familia maskini ya chumba kimoja, yenye taa mbili, redio na feni, haifiki yuniti 75. Lakini familia sita zikikusanywa katika mita moja huzipita upesi, zikahesabiwa kuwa mteja mmoja mkubwa, na wote sita wakanunua umeme kwa bei ya mwenye nafasi. Niliomba mita ya kila chumba, nikasumbuka kwa fomu na kwa nyaya za ndani zilizotakiwa kubadilishwa zote, na gharama yake ilimeza fungu la matengenezo la muda mrefu. Lakini siku mita zile zilipowashwa, hukumu zote za pasi na friji zilikoma, na sijapata kuziona zikirudi. Katika yote niliyoyatenda pale Ilala, hilo ndilo lililozuia kuhama kuliko jingine lolote, na mwenye nyumba aliye na fedha za kutenda jambo moja tu ningemnasihi atende hilo.

Agosti mwaka 2021 kodi ya majengo ilipoanza kukatwa katika ununuzi wa umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, aliyekatwa alikuwa mpangaji anayenunua umeme, ilhali kodi yenyewe ni deni la mwenye jengo. Wenye nyumba wengi walinyamaza. Mimi nilitangaza ukumbini kuwa atakayekatwa aniletee risiti nami nitaipunguza katika kodi ya chumba chake, na bado nafanya hivyo. Fedha hizo zilikuwa chache, shilingi 12,000 kwa mwaka kwa kiwango cha wakati huo, lakini mpangaji hupima uadilifu wa mwenye nyumba katika mambo madogo kama hayo ambayo angeweza kudhulumiwa asitamke neno. Akiisha kuamini kuwa hadhulumiwi katika shilingi 1,000, hata siku unapomwambia kuwa kodi itapanda huamini kwamba unayo sababu. Maji nayo niliyatoa katika michango: ankara ya DAWASA inakuja kwa nyumba nzima, na kuigawa kwa vichwa kulikuwa kukizua maswali ya aibu kuhusu wageni na watoto wachanga, kwa hiyo nikaiingiza ndani ya kodi, nikailipa mwenyewe, nikaweka tanki la lita 5,000 uani kwa siku za mgao.

Sasa nifike kwenye desturi ambayo najua nitapingwa nayo na wenzangu wenye nyumba. Katika mji wa Dar es Salaam tumezoea kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wengine hudai ya mwaka mzima, tukiamini kuwa mtu aliyekwisha kulipa hawezi kuondoka. Ni kweli mwili wake hauwezi kuondoka. Lakini fedha ya miezi sita iliyotangulia humfunga mwenye nyumba masikio, maana katika muda huo hana haja ya kuonana na mpangaji, na mpangaji naye hana nguvu ya kudai, kwa sababu chake kimekwisha kuliwa. Hivyo kinyongo hujikusanya chini kwa chini mpaka siku ya mkataba kwisha, na siku hiyo mtu huondoka bila kusikiliza nasaha. Fauka ya hayo, mpangaji mwema asiye na mshahara mkubwa, muuza mitumba au mama ntilie, anayeweza kulipa kila mwezi bila kukosa, hawezi kukusanya miezi sita isipokuwa kwa kukopa, akaanza kukaa kwako akiwa na deni, na mwenye deni haanzi vyema.

Nilipunguza kodi ya mkupuo ikawa ya miezi mitatu, na wenye kutaka kulipa mwezi kwa mwezi nikawaruhusu baada ya mwaka wao wa kwanza. Niliambiwa kuwa ninachezea fedha za mirathi. Lililotokea ni kwamba nilianza kuonana na watu mara kwa mara, na kila aliyeleta kodi alileta na habari: tanki lina ufa, mlango wa bafu umebunguliwa, jirani mgonjwa. Vilevile nilipanga tarehe za malipo zisiangukie Januari, mwezi ambao wazazi hulipia sare, madaftari na michango ya shule, kwa sababu kumdai mtu kodi katika mwezi huo ni kumlazimisha achague kati ya paa na kalamu ya mwanawe, na wengi wanaohama mwanzo wa mwaka hawana sababu nyingine ila hiyo.

Baadaye jamaa zangu wa upande wa mama, waliokuwa na ubia katika jengo la ghorofa nne pale Kariakoo, waliniomba niwaangalizie. Ghorofa ina mambo yake. Wakazi hawaonani uani, kila aila ina mlango wake, jiko lake na choo chake, na ugomvi unaoletwa na kushirikiana hupungua. Lakini upweke huongezeka, na vitu visivyo vya mtu mmoja, yaani ngazi, pampu ya maji, taa za korido na lango la chini, huwa yatima. Nimeona mtu mwenye nyumba safi ndani akihama kwa sababu ya ngazi chafu, kwa kuwa ngazi ndiyo inayopitwa na mkwe anapokuja kutembea. Tuliajiri mlinzi na msafishaji, tukanunua pampu ya akiba ili ya kwanza ikiharibika watu wa juu wasibebe ndoo, na nikaandika namba ya fundi ukutani ili mtu asingoje mimi nitoke Ilala.

Kisha yakaja ya Soko Kuu. Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na wakazi wa jengo letu waliutazama moshi kutoka madirishani, wengine wakijua kuwa inayoungua ni riziki yao. Aila mbili katika jengo lile zilikuwa na biashara sokoni. Asubuhi yake wabia walikwisha kuanza kuulizana kodi itatoka wapi, na mmoja akasema waziwazi kuwa Kariakoo haikosi mpangaji, hao watolewe mkataba wao ukiisha na waingizwe wenye fedha. Niliwaomba wangoje. Nilikwenda kwa kila aila, si kudai bali kuwapa pole, na baada ya siku za pole kupita tukaketi na kalamu, tukaigawa kodi ya miezi mitatu iliyokuwa mbele yao katika vipande vidogo vya mwaka mzima. Aila ya kwanza ililipa yote kabla ya wakati. Ya pili ililipa sehemu kubwa, ikaelemewa, na kilichosalia tukakisamehe, nami sioni kwamba tulipoteza, kwa kuwa mpaka leo wamo, na vijana wao ndio wanaowaongoza wageni wapya wa jengo jinsi ya kuishi na wenzao. Wapangaji wengine walikuwa wakitazama yote yale kimya, wakipima watatendewaje siku yao ikifika.

Lakini huruma haitoshi, na mahali pengine huwa ndiyo inayowafukuza watu. Pale Ilala, mmoja wa wakongwe wa mkono wa kushoto, mtu mlipaji asiyechelewa hata siku moja, alikuwa ameufanya ua mali yake: alirundika vyuma chakavu mpaka mlangoni mwa bafu, akawakaripia watoto wa wenzake kwa matusi, na kila mgeni aliyeingia mkono wa kulia alikuta masharti yasiyo ya mwenye nyumba. Bati zilikuwa zimekwisha tengenezwa, mita zimekwisha wekwa, na bado aila mbili ziliondoka mfululizo. Nilizungumza naye kwa siri, kisha mbele ya mjumbe, kisha kwa barua yenye muda wa kutosha wa kutafuta pengine, ukihesabiwa mpaka watoto wake wamalize muhula. Alihama kwa hasira, na tukikutana njiani haitiki salamu yangu, jambo linalonihuzunisha, maana baba yake alikuwa rafiki wa baba yangu. Hata hivyo ningetenda vivyo hivyo tena. Mwenye nyumba anayemwogopa mpangaji mmoja kwa kuwa analipa vizuri huwafukuza watano wasio na kelele, na daftari litaandika kuwa walipata pa bei nafuu.

Kuhusu kuchagua anayeingia, sina mengi. Wako wenye nyumba wasiotaka watu wenye watoto, wakichelea kuta kuchafuliwa; kwa niliyoyaona, hapana mpangaji anayekaa kuliko mwenye mtoto aliyeandikishwa shule ya jirani, na ndoo moja ya rangi ni rahisi kuliko miezi miwili ya chumba kitupu. Wapo pia wasiotaka mama ntilie kwa sababu ya moshi wa alfajiri, ilhali banda dogo la jiko pembeni mwa ua linaloelekeza moshi njiani linatosha. Simwulizi mtu kabila wala dini. Namwuliza mahali alipotoka, na kama anakubali nikamsalimu mwenye nyumba wake wa zamani.

Na kuna kuhama ambako ninakupenda. Wapo waliokaa kwetu wakajinyima, wakanunua kiwanja Chanika au Kibaha, wakajenga chumba kimoja na bati, wakaja kuaga kwa furaha ya kweli isiyofunikwa na adabu. Hao mimi huwarudishia kodi ya siku zilizobaki, nao karibu kila mara huleta mtu wa kushika chumba, mdogo wao au mfanyakazi mwenzao, ambaye huingia bila dalali akiwa amekwisha kusimuliwa tabia ya nyumba. Vyumba vya mkono wa kulia havijapata dalali kwa muda mrefu sasa, wala havijapata kukaa vitupu zaidi ya siku za kukauka rangi.

Hivi karibuni warithi wamepata mtu mwenye mtaji anayetaka kuibomoa nyumba ya Ilala na kujenga ghorofa kwa ubia, kama zilivyobomolewa nyingi za rika lake, nami sikatai, kwa sababu kiwanja ni chetu sote na mji unakua. Nimewaandikia masharti niliyoomba yaingie katika mkataba wa ubia kabla ya kutia sahihi: wapangaji wote sita wajulishwe kwa maandishi mwaka mmoja kabla, kazi isianze mpaka shule zifunge Desemba, kodi ya miezi mitatu ya mwisho isidaiwe, ili kila aila iwe na cha kumpa dalali na mwenye kirikuu, na ghorofa ikikamilika, sita hao wawe wa kwanza kuulizwa kama wanataka kurudi, kwa kodi itakayotajwa tangu sasa. Mwenye mtaji amekubali mawili ya mwanzo. Mmoja wa warithi ameuliza mawili ya mwisho yatagharimu kiasi gani, nami nimempelekea hesabu.